Plagi Iliyoaga Bila Kuondoka

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufungua daftari la kituo, Sajini Raymundi alichemsha yai moja kwa dakika saba kamili. Aliivua saa yake ya mkononi, akaiweka kando ya jiko, akasimama kulinda. Mkewe Genoveva alishazoea. Alimwachia kona yake ya jiko, chumvi kidogo kwenye kisahani, na kikombe cha chai dirishani kipoe.

Jumatatu ile dakika ya tano ilikuwa imeanza wakati kitu cheupe, chepesi kuliko unyoya, kilipoingia kwa dirisha, kikaelea juu ya sufuria na kutua ndani ya chai. Kikafuata kingine. Cha tatu kilikuwa cheusi pembeni, na kilitoa moshi.

"Sufi," alisema Genoveva. "Sufi inayoungua."

Raymundi alikwisha kuvaa kofia. "Zikifika saba liepue," alisema, akatoka mbio bila saa.

Hakuhitaji kuuliza njia. Sufi ilikuwa ikielea mtaa mzima, ikinasa kwenye makuti na kwenye nywele za watoto, na ulikotoka upepo ndiko kulikokuwa na kelele. Ua wa Bi. Mwanamkasi ulikuwa mwisho wa mji, kando ya barabara ya Kerege. Mbele ya ua palikuwa na nyumba yake; nyuma, chini ya banda la makuti, palikuwa na karakana ya mkwewe, Fundi Mwinyimvua, ambaye alitengeneza umeme wa magari. Katikati lilisimama lori, na nyuma ya lori tela lake, na nyuma ya tela watu kumi na zaidi wakipokezana ndoo kutoka kisimani.

Moto ulizimwa kabla jua halijapanda. Magunia tisa ya sufi yalipona na saba yaliungua. Ubao wa nyuma wa tela uliungua pia, na tairi moja. Hakuna mtu aliyeumia. Jogoo wa Bi. Mwanamkasi alipoteza manyoya ya mkia, akawa anazunguka ua kwa hasira.

"Mtani," alisema Mzee Bwanausi, mwenye lori, mwenye tela na mwenye sufi, huku akipangusa jasho kwa kofia yake. "Umekuja kuzima moto, au umekuja kutafuta mzigo wa kubeba kama babu zako?"

"Nimekuja kudai pembe za ndovu babu yangu alizowaachia hapa," alijibu Raymundi, ambaye kwao ni Tabora. "Leo nimekuta mnachoma ushahidi."

Watu walicheka. Bwanausi naye alicheka, lakini kidogo. Kisha akanyoosha kidole penye mkono wa tela, pale waya mnene ulipotoka kwenye lori na kuingia kwenye tela.

"Kilichochoma mali yangu ni kile pale. Nilimwambia, Fundi, waya tunafunga kwa kamba siku zote, hatujaungua. Yeye akasema hapana, nina kitu changu. Haya. Kitu chake kimetoa cheche, na sufi, mtani, sufi haihitaji kuombwa mara mbili."

Mwinyimvua alikuwa ameketi juu ya sanduku lililopinduliwa, gunia lililolowa magotini. Alikuwa mwembamba, mwenye kaptura ya kaki aliyorudi nayo kutoka vita vya Burma, ambako alijifunza umeme wa magari ya jeshi.

"Mkaguzi wa magari anakuja leo kutoka Dar es Salaam," Bwanausi aliendelea. "Saa nane. Anakuja kuitazama hiyo hiyo plagi. Akiipitisha, wenye malori wengine wataichukua. Sasa atapitisha nini? Majivu?"

"Na asipoipitisha?" aliuliza Raymundi.

Mwinyimvua alijibu mwenyewe. "Ikiandikwa kwamba imechoma, Sajini, itapigwa marufuku. Na mimi nitashtakiwa kwa uzembe wa moto. Karakana itafungwa."

Raymundi alimweka langoni askari mmoja aliyekuja kuzima moto, akawaomba watu warudi makwao, akafungua daftari lake dogo.

"Basi tuna mpaka saa nane. Nieleze kitu chako. Nieleze kama unamweleza mtoto."

Mwinyimvua aliinuka. Kwenye meza ya karakana alichukua plagi nyingine, pacha wa ile iliyokuwa kwenye tela, pamoja na tundu lake. Vyote viwili vilichongwa kwa mpingo, vikasuguliwa mpaka vikang'aa. Ndani ya plagi palikuwa na meno matatu ya shaba. Moja lilikuwa refu, mawili mafupi.

"Plagi za kawaida zina magonjwa mawili," alisema. "La kwanza, barabara ikiwa mbovu zinachomoka zenyewe. Taa za tela zinazimika na dereva hajui. Anayekuja nyuma anamgonga. La pili, mtu akizichomoa kwa nguvu umeme unaruka. Cheche. Ndiyo maana hii ina ulimi." Alionyesha chuma chembamba, kipande cha springi ya saa ya ukutani, kilicholala ubavuni mwa plagi. "Ukiiingiza na kuigeuza, ulimi unaingia kwenye pengo na kushika. Hata ukining'iniza tela haitoki."

"Na kuitoa?"

"Hapo ndipo. Nilijiuliza, mgeni wa huku kwetu anaondokaje? Hachomoki tu akaenda. Anaaga kwanza. Anasema, jamani, niruhusuni. Anasubiri aambiwe haya, karibu tena. Ndipo anavaa viatu. Basi na hii inaaga." Aliigeuza kidogo. Ulimi uliruka kutoka pengo moja hadi jingine. *Ta.* "Hapa meno mafupi, yale yenye umeme, yameachana tayari, humo humo ndani ya mti. Cheche ikitoka haioni hewa ya nje. Lakini jino refu bado limeshika, na plagi haitoki. Imeaga, haijaondoka. Unasubiri. Kisha unabonyeza ulimi kwa kidole gumba, unageuza tena, unavuta. Sasa imeondoka."

Raymundi aliifanya mara tatu. Kila mara ilisema ta pale pale.

"Jana uliiachaje?"

"Magharibi niliikaza mpaka mwisho. Niliwasha taa za tela, Mzee Bwanausi akaziona, nikazizima kwa swichi ya lori. Lakini waya wa taa ya breki una umeme saa zote. Sitakuficha."

"Na alfajiri ulikuwa wapi?"

"Alikuwa na mimi," alidakia Bwanausi, bila kupenda. "Tulitoka msikitini pamoja, tukakaa kwenye kahawa mpaka tuliposikia ukelele."

"Ukelele wa nani?"

"Wa mwanamke. Moto, moto."

Raymundi aliandika. Kisha alikwenda kwenye mkono wa tela, akapiga magoti mchangani, akaitazama plagi yenyewe kwa muda mrefu bila kuigusa. Moshi ulikuwa umeipaka masizi pande zote. Alitoa kalamu, akaitumia kuonyesha.

"Fundi, hebu tazama ulimi uko pengo gani."

Mwinyimvua aliinama. Kisha akasema taratibu, "Imeaga."

"Ulisema uliiacha imekaza."

"Niliikaza, Sajini. Wallahi niliikaza."

"Na kama kuna mtu aliyeigeuza wakati wa kuzima moto?" aliuliza Bwanausi. "Watu walikuwa wengi."

Raymundi aliishika plagi kwa leso, akaigeuza kuirudisha penye kukaza. Chini ya ukingo wake ukajitokeza ukanda safi wa mpingo, upana wa kucha, usio na masizi hata chembe. Akaigeuza tena kwenye kuaga. Ukanda ukajificha, na weusi wa plagi ukakutana na weusi wa tundu kama mstari mmoja.

"Moshi ulipofika, plagi ilikuwa imekwisha kuaga," alisema. "Ingekuwa imekaza, masizi yangeingia hapa pasafi. Kwa hiyo umeme haukufika kwenye tela kabla ya moto. Plagi haikuchoma kitu, mtani."

"Na kilichochoma?"

"Sijui bado. Ila najua kwamba kati ya magharibi na asubuhi kuna mtu aliyekuja hapa, akaigeuza mara moja, akasikia ta, akaacha. Mwizi angeichomoa yote. Mtoto angeivunja. Huyu aliiagisha kwa adabu, akaiacha."

Alizunguka nyuma ya tela. Moto ulianzia kona ya kushoto, chini, pale magunia mawili yalipokutana. Ubao hapo ulikuwa umeliwa mpaka ndani. Raymundi aliyachambua majivu kwa kijiti. Alipata vipande vitatu vya makaa. Akakimbilia karakana, kwenye jiko dogo ambalo Mwinyimvua alipashia chuma cha kulehemu. Lilikuwa baridi, na majivu yake yamemwagiwa maji, yameganda kama uji wa jana. Makaa yake yalikuwa ya mti, manene, yenye pembe. Yale ya kwenye tela yalikuwa membamba na yamepinda kama ukucha wa mzee.

"Makaa ya vifuu vya nazi," alisema Mwinyimvua. "Mimi siyatumii. Hayakai na moto wa kulehemu."

Kwenye majivu Raymundi alipata vitu viwili zaidi. Kimoja kilikuwa kigae chekundu cha udongo, kidogo kama nusu ya senti, upande mmoja kimevunjika upya. Kingine kilikuwa punje ya njano, imeyeyuka na kugandamana na mchanga. Aliinusa. Akainusa tena, akaifunga ndani ya leso pamoja na kigae, na hakusema ni nini.

Dereva wa lori, Mrisho, aliletwa kutoka chini ya mnazi alikojificha. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti kubwa, na alianza kujitetea kabla ya kuulizwa.

"Sigara niliacha, Sajini. Tangu Ijumaa. Muulize yeyote."

"Vishungi vitano viko chini ya ngazi ya lori."

"Vya Alhamisi hivyo. Vimelowa umande, ona mwenyewe."

Raymundi alikuwa amekwisha kuona. "Usiku ulilala wapi?"

"Ndani ya lori, mbele. Mzee hataki sufi yake ilale peke yake."

"Na umeilinda vizuri sana," alisema Bwanausi.

"Mzee, mimi nilikuwa macho! Yaani, nilikuwa macho kidogo. Adhana imekwisha, kuna kigizagiza bado. Nikasikia ta, kama mtu anabangua korosho. Nikasema moyoni, Fundi huyo na meno yake. Nikageukia upande wa pili. Halafu pakanuka harusi."

"Pakanuka nini?"

"Harusi, Sajini. Harufu ya harusi. Nikadhani naota naoa. Ndoto nzuri, nikaifuata. Nilipoamka mara ya pili, ni moto."

Raymundi alichukua plagi ya mezani na tundu lake, ikiwa imekazwa, akampa. "Itoe."

Mrisho alikamata plagi kwa mkono mmoja na tundu kwa mkono wa pili, akavuta. Haikutoka. Akaweka mguu juu ya sanduku, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Basi, basi, utaivunja!" alilia Mwinyimvua.

"Mwezi mzima unaendesha gari lenye kitu hiki," alisema Raymundi, "na hujui kukitoa?"

"Namwita Fundi akitoe. Mimi ni dereva, siyo daktari wa meno."

Raymundi alimpa Bwanausi. Mzee aliitazama plagi kama mtu aliyepewa kaa hai, akairudisha. Hapo sajini alifuta majina mawili kwenye daftari. Alibakiwa na nyumba.

Alikwenda mlango wa nyuma, plagi mkononi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Sajini." Aliyefungua alikuwa Zuleha, mke wa Mwinyimvua, macho mekundu kwa moshi na machozi. Nyuma yake palikuwa na chumba chenye pazia la kanga mlangoni, na nyuma ya pazia palisikika mtu akijisogeza kwenye kitanda cha kamba.

"Shikamoo, mama," Raymundi aliliamkia pazia.

"Marahaba, baba. Zuleha, mpe mgeni kigoda. Na mwambie mumeo asikae juani, kichwa chake kimekwisha kupata joto la kutosha."

Mwinyimvua alikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale, na alisikia kila neno. Zuleha hakugeuka kumwambia. Mji mzima ulijua desturi ya nyumba ile. Mkwe na mkwewe waliheshimiana kwa kutosemezana. Kwa miaka tisa Bi. Mwanamkasi hakuwahi kumtaja mume wa binti yake kwa jina, wala kumtazama usoni. Alisema na Zuleha, na Zuleha alikuwa njia. Na kwa miaka miwili tangu plagi ianze kuchongwa, maneno yaliyopita kwenye njia ile hayakuwa matamu.

"Mama huipendi hii plagi," alisema Raymundi.

"Niipendee nini? Mwanamume mzima, ameona Burma, anakaa kuuchongea mti meno. Nilisema, Zuleha, mwambie mumeo mji mzima utatucheka. Leo si umetucheka?"

"Wewe Zuleha unajua kuitumia?"

"Amenieleza mara mia, kila jioni pale ukumbini," alisema Zuleha. "Lakini mimi, Sajini, nikisikia waya nasinzia."

"Hebu jaribu."

Zuleha aliishika. Aliigeuza kushoto, ikagoma. Akaigeuza kulia nusu ya safari, na kabla ulimi haujaruka akaanza kuvuta.

"Subiri!" Sauti ilitoka nyuma ya pazia, kali, ya haraka. "Haijasema ta!"

Jogoo asiye na mkia alipita mlangoni. Zuleha alibaki na plagi mkononi, akilitazama pazia.

"Zuleha," alisema Raymundi kwa upole, "askari wangu pale langoni hajanywa kitu tangu asubuhi. Mpelekee maji, tafadhali. Usiharakishe."

Alipokwenda, Raymundi hakuingia chumbani. Alitazama tu penye sehemu ya kuoshea vyombo, ukutani. Sufuria mbili, kibuyu, na chetezo cha udongo mwekundu kilichosuguliwa kwa majivu na kupinduliwa kikauke. Mdomo wake ulikuwa na pengo jipya. Alifungua leso, akakiweka kigae penye pengo. Kikakaa sawasawa.

"Mama, watu hufukiza nyumba Alhamisi jioni. Leo ni Jumatatu."

Akaichukua ile punje ya njano kutoka kwenye leso, akaiinua.

"Na ubani naujua. Nilibeba chetezo kanisani kwetu Tabora kwa miaka sita, na mara mbili nilichoma joho la padre. Najua kaa dogo linavyoruka."

Pazia lilisogea. Bi. Mwanamkasi alitoka, mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, kanga mbili, mkono wa kulia umefunikwa. Alipoufunua, kiganja kilikuwa kimefungwa kitambaa chenye asali.

"Nilijaribu kuuzima kwa mkono," alisema. "Halafu nikapiga ukelele."

"Keti, mama. Nisimulie."

Alikaa kwenye kigoda alichoandaliwa mgeni. "Chombo kipya hakitoki kwenda kuonwa na wakubwa bila kufukizwa. Hata bibi harusi hufukizwa. Nikasema, akienda msikitini nitazunguka mara tatu, nisome kidogo, nirudi, hakuna atakayejua. Na nilikuwa mwangalifu, baba. Nilikuwa mwangalifu mno. Kila jioni namsikia akimweleza Zuleha. Kabla hujaligusa tela iagishe kwanza, isije ikatoa cheche. Zuleha anasinzia. Mimi nasikiliza. Basi nikaiagisha. Nikasikia ta. Nikasema, sasa hakuna hatari." Alikitazama kiganja chake. "Niliogopa ule moto wa kwenye waya. Huu nilioushika mkononi sikuufikiria."

"Ukajikwaa?"

"Kwenye mkono wa tela, nikielekea mzunguko wa tatu, nikapepesuka mpaka nyuma. Chetezo kikagonga ubao. Nikaokota makaa yote. Nilidhani yote."

Raymundi aliandika mistari michache, akafunga daftari.

"Kuiagisha kwako ndiko kulikoiokoa plagi, mama. Ungeiacha imekaza nisingekuwa na la kumwambia mkaguzi. Nitaandika ajali, kwa sababu ni ajali, na jina lako litakuwamo, kwa sababu ndivyo ilivyo. Lakini kuna jambo moja haliingii kwenye daftari. Yule pale amekaa juu ya sanduku tangu asubuhi. Anajua plagi haikuchoma. Hajui ni nani aliyekuja kuigusa, na anadhani ni mtu aliyemtakia mabaya."

"Zuleha atamwambia."

"Zuleha anaweza kumwambia ulichofanya. Kwa nini ulikifanya, Zuleha hajui. Maana kwa miaka miwili njia hiyo umeipitishia mengine."

Bi. Mwanamkasi aliitengeneza kanga kichwani. "Mkwe hasemezwi, baba. Nyie wa bara hamjui."

"Hata kwetu hasemezwi," alisema Raymundi. Akatoka nje.

Mkaguzi alifika saa nane na robo, Mgoa mmoja mfupi mwenye miwani, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Alisikiliza maelezo ya sajini. Aliutazama ukanda safi chini ya plagi, akaomba kioo cha kukuzia, akautazama tena. Aliijaribu kwa betri na globu ndogo. Plagi ikikazwa, globu iliwaka. Ikiagishwa, ilizimika, na plagi bado imeshika. Mkaguzi aliing'ang'ania akaivuta kwa mikono miwili, kisha akamwambia Mrisho aendeshe lori na tela mpaka kwenye mashimo ya barabara na kurudi. Mrisho aliendesha kana kwamba anafukuzwa. Tela lilirudi na magurudumu matatu na nusu, taa ya upande uliopona ikiwaka.

"Nzuri," alisema mkaguzi. Lilikuwa neno lake la kwanza la sifa. "Nzuri sana. Jino refu liwe refu zaidi kidogo, na mpingo upakwe nta kwa ajili ya hewa ya chumvi. Nitaandika hivyo."

Bwanausi alikohoa. "Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba plagi hii ina akili."

"Ulisema, mtani," alijibu Raymundi. "Nimeandika saa na dakika."

"Na magunia yangu saba?"

"Ulituahidi sisi watani wako mto wa sufi kila mwaka ukiwa hai. Miaka saba umesahau. Mungu hasahau." Watu walioanza kurudi langoni walicheka, na mzee akawatupia mkono, akacheka nao.

Mwinyimvua hakucheka. Alikuwa ameishika plagi yake ndani ya kitambaa, akiipangusa masizi.

"Sajini," alisema. "Aliyeigeuza. Umempata?"

"Nimempata."

"Alikuwa anataka nini?"

Raymundi alifungua kinywa, kisha akakifunga, kwa sababu nyuma yao mtu alikuwa amepiga hodi. Ilikuwa ajabu kidogo. Bi. Mwanamkasi alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha karakana, ndani ya ua wake mwenyewe, chini ya makuti aliyoyalipia, akipiga hodi.

Mwinyimvua aliinamisha macho haraka, kama adabu inavyotaka. "Karibu, mama," aliiambia ardhi.

"Zuleha," alisema Bi. Mwanamkasi, "mwambie mumeo..."

Zuleha alisogea. Mama yake alimzuia kwa mkono uliofungwa kitambaa. Aliishusha kanga iliyomfunika mdomo. Alianza upya, na safari hii hakumtazama binti yake.

"Mwinyimvua."

Fundi aliinua uso.

"Ni mimi niliyeigeuza, na ni mimi niliyekuja na chetezo. Nilikuwa nakifukizia kitu chako kabla hakijaonwa na wakubwa. Niliposema unauchongea mti meno, nilikuwa naogopa. Niliposema mji utatucheka, nilikuwa naogopa watakucheka wewe, na mimi nitakuwa nyuma ya pazia, sina la kufanya." Aliinyooshea plagi mkono wake uliofungwa. "Kila jioni nilikuwa nasikiliza. Naijua plagi yako yote, baba, jino kwa jino. Nilitaka ifaulu. Tangu siku ya kwanza uliyochonga, mwanangu, nilitaka ifaulu."